Mbeba Chungu Asiye na Bei

Jioni hiyo Bosire alishuka dukani kununua spiriti ya kusafishia brashi. Mvua ilikuwa imepita muda si mrefu, na majani ya chai kando ya njia yalikuwa bado yanadondosha maji. Kiwanda cha chai cha Itumbe kilinguruma huko juu kama kawaida.

Purity, mwenye duka, alimfungia chupa kwenye gazeti.

"Injinia, bado unapaka rangi wale wachawi wako?"

"Amebaki mmoja."

"Wenzako wakifiwa wananunua ng'ombe." Purity alicheka, kisha akajishika mdomo. "Pole, baba. Sikumaanisha vibaya."

"Si neno," Bosire akasema.

Na kweli halikuwa neno. Tangu mkewe Orpah afe, hakuna kauli iliyomfikia. Siku ya mazishi alisimama ukingoni mwa kaburi akichunguza kamba kama zimefungwa sawasawa. Kisha akarudi kiwandani kutengeneza mashine za kukaushia chai. Alikula alichopewa. Alilala taa ikizimwa. Watu walimsifu kuwa amejikaza, naye hakuona haja ya kuwaeleza kwamba hakuna alichokikaza.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamgusa. Kwenye simu yake alikuwa na sauti ya Orpah, kipande kifupi, akisimulia habari za sanamu ya kwanza. Alikisikiliza kila jioni baada ya chakula. Katika ule muda mfupi kifua kilimuuma, naye alishukuru kwa maumivu hayo.

Sanamu zenyewe zilikuwa ndogo, kila moja urefu wa kidole gumba. Ni za mchezo wa vita wa mezani ambao yeye na mkewe walicheza na marafiki mjini Kisii, kila mchezaji na jeshi lake. Wengine walikuwa na mazimwi na mashujaa wa nchi za mbali. Orpah alikataa. Alisema jeshi lao litakuwa la Wabeba Vyungu, wale warogi ambao bibi yake aliwaona vilimani alipokuwa msichana: wanakimbia gizani na moto ndani ya chungu, wakifunua kifuniko unaona mwanga, wakifunika huoni kitu. Linda, rafiki yao mwenye duka la uchapishaji, alizichapisha sanamu kwa plastiki kwenye mashine yake. Bosire alipaka rangi. Orpah alitunga.

Alikuwa na sharti moja. Kila mbeba chungu lazima awe na bei, yaani kile anachomchukulia mtu anayekutana naye. "Kitu kisicho na bei hakitishi," alikuwa akisema. "Na ukikiacha bila bei, kitajipangia chenyewe."

Alikufa kabla ya kumtungia wa mwisho.

Huyo wa mwisho alikuwa mwanamke mzee, na chungu chake kilimeguka ukingoni Bosire alipokuwa akikitoa kwenye vishikizo, vile vijiti vya plastiki vinavyoishikilia sanamu ikichapishwa. Kwa sababu ya kasoro hiyo aliamua chungu kiwe kitupu, bila moto. Jumapili walikuwa wanacheza, na desturi ya kundi lao ni kwamba sanamu haipandi mezani mpaka mwenyewe aisimulie. Kwa hiyo jioni hiyo, brashi ikiwa mkononi na jiko la makaa likiwa karibu na miguu yake, Bosire alianza kujaribu kwa sauti.

"Huyu moto wake umezimika," alisema. "Anapita nyumba zilizofiwa... anaomba kaa la moto."

Bei haikumjia. Akaichovya brashi kwenye spiriti.

Nje palikuwa kimya. Hata vyura walikuwa wamenyamaza.

"Hodi."

Alifungua. Mwanamke mzee alikuwa amesimama nje ya upenu, mahali ambapo mwanga wa taa unaishia. Alikuwa amejifunga shuka kuukuu, na mikononi amekumbatia kitu.

"Bwairire," akasema, na salamu yake ya jioni ilikuwa ya taratibu, ya watu wa zamani.

"Bwairire, omong'ina," akaitikia, akimwita bibi kwa heshima. "Karibu ndani."

"Siingii. Naomba moto tu, mwanangu. Wangu umezimika."

Alisema kwa Ekegusii cha wazee, kile ambacho Bosire alikisikia mara ya mwisho utotoni, wakati akitumwa kwa jirani na kigae kwenda kuomba kaa. Siku hizi hakuna aombaye moto. Kiberiti kinauzwa kila duka. Lakini adabu ilimwahi kabla ya mawazo. Alichukua koleo, akachagua kaa lililowaka vizuri, akamsogelea.

Mzee akafunua chungu.

Ukingo wake ulikuwa umemeguka.

Bosire alitazama chini. Njia yote ilikuwa tope. Miguu ya mzee ilikuwa peku, mikavu, safi.

Mkono wake ulikuwa umeshanyooka. Kaa likaanguka ndani ya chungu... naye hakusikia lilipotua.

"Na bei?" mzee akanong'ona.

"Moto hauuzwi, omong'ina."

"Si bei yako. Yangu." Alikuwa anazungumza kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mtoto. "Wenzangu wote walipangiwa. Mimi hukunipangia."

Bosire alilitazama koleo tupu mkononi mwake.

"Basi nitachagua."

Alifunika chungu. Mwanga ukazimika, na pale alipokuwa amesimama palibaki harufu tu: masizi yaliyolowa, na spiriti.

Bosire alifunga mlango, akarudi mezani. Sanamu ilikuwa pale alipoiacha. Ndani ya chungu chake sasa palikuwa na doa jekundu, na chini ya kidevu rangi ya chungwa ilikuwa imetandazwa vizuri, jinsi mwanga wa moto unavyompiga mtu kutoka chini. Alikagua vikopo vyake. Cha rangi ya chungwa kilikuwa kimefungwa, na utando mkavu ulikuwa bado umezunguka kifuniko. Aligusa doa lile. Lilikuwa kavu.

Hakuogopa. Aliona tu kwamba anapaswa kuogopa, kama mtu anayesoma kibao cha onyo.

Kisha akachukua simu ili amsikilize Orpah.

Kipande kilicheza tangu mwanzo hadi mwisho. Hakukuwa na sauti ya mtu. Kulikuwa na mlio mdogo wa kuni zinazotatarika.

Alikirudia. Akakirudia tena.

Kuni tu.

Jumapili baada ya chakula cha mchana walikutana kwenye chumba cha nyuma cha duka la Linda, upande wa Daraja Mbili. Mogaka, mfamasia, ndiye aliyekuwa mwamuzi wao. Beverlyne, binti wa Linda ambaye hajaanza shule, alikuwa chini ya meza akiongea peke yake bila kupumua: alikuwa daktari, kisha ng'ombe, kisha kondakta wa kwenda Keroka.

"Huyu mtoto ana betri wapi?" Mogaka akauliza. "Nizitoe kidogo."

"Jaribu," Linda akasema. "Mimi nimeshindwa. Hata usingizini anahubiri."

Bosire alimvuta Linda kando. "Ile sauti ya Orpah niliyokutumia. Bado unayo?"

"Siwezi kuifuta, Inji."

"Icheze. Yangu imeharibika."

Linda aliiweka kwa sauti kubwa. Mogaka akaacha kupanga sanamu. Beverlyne mwenyewe akatoka chini ya meza kusikiliza. Bosire aliwaona wakiinamisha vichwa kidogo, halafu wote watatu wakacheka kwa pamoja, na Linda akajifuta macho kwa kiganja.

"'Anachukua usingizi wako,'" Linda akarudia. "'Lakini wewe Bosire hulali, unakoroma tu.' Jamani, Orpah!"

Bosire alicheka nao. Alikuwa amesikia kuni zikitatarika.

Haikuwa simu, basi. Ni masikio yake.

Alijaribu kuikumbuka sauti yenyewe kichwani. Alikumbuka maneno. Alikumbuka midomo, na lile pengo dogo kati ya meno. Sauti haikuwepo. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alihisi kitu bila kusaidiwa: hofu.

"Haya, mzee wetu wa mwisho," Mogaka akasema, akimgeuzageuza yule mwanamke kwenye mwanga. "Huu moto umeupaka vizuri kuliko yote. Msimulie. Na ujue, ukishasema mezani ndiyo imetoka. Hatubadilishi."

Bosire aliona kwamba bado ana nafasi. Hadithi haikuwa imekwisha. Ilikuwa bado yake.

"Anaomba moto kwenye nyumba zilizofiwa," alisema. "Ukimpa, anachukua sauti ya mtu unayempenda kuliko wote. Wengine wataisikia. Wewe hutaisikia."

"Milele?"

"La." Alisema haraka mno. "Akipewa moto kwenye nyumba nyingine, yule wa kwanza anarudishiwa ile sauti."

"Na yule wa pili?"

Bosire alisita. Hakuwa akifikiria nyumba ya mtu yeyote. Alifikiria nyumba tu, mahali fulani, isiyo na watu ndani.

"Wa pili ndiye anayelipa."

Mogaka alipiga mluzi. "Bei mbaya. Nzuri kabisa." Akamsimamisha mzee mezani, mbele ya wenzake.

"Orpah angeipenda," Linda akasema.

Bosire alifika nyumbani jua likizama. Hakuwasha jiko. Alikaa kitini na koti lake, akisubiri, bila kujua kama anasubiri mlango au simu.

Ilikuwa simu.

"Inji." Linda alikuwa ananong'ona. "Umetuma mtu unitanie? Niko kwangu Keroka, stima zimepotea, kuna mama mzee hapa nje amebeba chungu. Anasema moto wake umezimika..."

"Mumeo hayupo?"

"Mume gani? Si tulimzika mwaka juzi, Inji. Umesahau?"

Bosire alisimama. Alikuwa amesahau. Nyumba zilizofiwa: yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo.

Kisha, nyuma ya pumzi ya Linda, ndani ya kichwa chake mwenyewe, kitu kikaanza kurudi. Kilikuwa kidogo sana. Sauti ya mwanamke akijisafisha koo kabla ya kuanza kusimulia. Alihitaji tu kunyamaza. Alihitaji tu kuchelewa kidogo.

Alinyamaza.

Halafu akapiga kelele. "Usimpe! Linda, usimpe, funga mlango!"

"Ai, unaniziba sikio. Ameshaenda. Jiko lilikuwa hapo nje, nimemruhusu kwa kichwa, Beverlyne amemfunulia, akachota mwenyewe. Kaa moja tu, Inji, kwani ni nini? Hata ameshukuru."

*Bosire*, Orpah akasema ndani ya kichwa chake, wazi kabisa, kwa ile sauti yake ya kukwaruza kidogo, *rangi imekudondokea suruali.*

Alishika ukingo wa meza.

"Beverlyne, njoo ndani," Linda alikuwa akisema, simu ikiwa mbali kidogo na mdomo. "Njoo. Mbona unafungua mdomo tu? Ongea."

Makofi mawili yakasikika simuni.

"Beverlyne, acha huo mchezo. Nimesema uongee."

Na Bosire, akiwa Itumbe, simu ikiwa imegandamizwa sikioni, alimsikia mtoto vizuri sana. Alikuwa anaongea kama kawaida yake, bila kupumua. Alikuwa anasema, *Mama, si naongea? Mama. Mama, naongea.*