Moshi wa Karatasi za Watu

Kila siku akitoka shuleni, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia dukani kwa mama yake, akasukuma mkoba chini ya meza, akanywa maji, kisha akaanza kazi zake. Jina lake la shule lilikuwa jingine, lakini nani alilikumbuka? Msichana huyo alisema tangu anapoamka mpaka anapolala. Watu wa mtaa wakamwita Chiriku, yakaisha.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye mashine mbili, moja ya kuchapisha kutoka kwenye kompyuta na nyingine ya kutoa nakala. Watu walileta vyeti, barua za kuomba kazi, hati za viwanja, majibu ya hospitali. Mama yake Chiriku alisifika kwa jambo moja: kwake hakuna mteja aliyeondoka na karatasi yenye kasoro. Kabla ya kutoa ile ya mteja, alichapisha kwanza moja ya kuonja. Ndivyo alivyoiita mwenyewe, kama mtu anayeonja mchuzi. Akiona herufi imekosewa au mstari umepinda, anarekebisha, kisha anaonja tena. Zile za kuonja zilitupwa kikapuni, na kikapu kilijaa kabla ya jioni.

Kazi ya Chiriku ilikuwa kukibeba kikapu hicho mpaka uani, kukimwaga katika pipa la bati na kuwasha moto. Mama alikuwa na sababu, wala haikuwa ya kipuuzi.

"Hizi ni siri za watu," alikuwa akisema. "Nikizitupa jalalani, kesho muuza karanga atamfungia mtu karanga kwenye majibu ya hospitali ya jirani yake."

Basi zilichomwa, pamoja na chupa tupu za wino wa unga wa mashine, maana plastiki ilisaidia moto kushika haraka. Moshi wake ulikuwa mweusi, mzito, wa kukwaruza koo.

Ukuta wa ua ule ulikuwa mfupi. Ng'ambo yake alikaa fundi cherehani na binti yake, Kibogoyo. Binti huyo alipewa jina hilo akiwa darasa la kwanza, meno ya mbele yalipong'oka. Meno yakaota mengine, jina likagoma kung'oka. Yeye na Chiriku walikaa dawati moja. Kibogoyo alikuwa na pumu, na darasa zima lilijua kwamba akianza kuhema kwa shida, madirisha hufunguliwa na mtu hukimbia kumwita mwalimu.

Wiki hiyo Jumatatu Kibogoyo hakuja shule. Jumanne hakuja. Chiriku akaenda kwao.

Alimkuta ameketi kwenye godoro, mgongo ukutani, kifua kinapiga filimbi.

"Mbona huji shule? Mwalimu wa hesabu ameuliza, nikamwambia labda una homa, akasema..."

"Nyamaza," alisema Kibogoyo.

"Nini?"

"Nimesema nyamaza. Ijumaa nani aliwasha pipa?"

Chiriku akainamisha uso.

"Ni wewe. Nilikuona dirishani. Mimi nafungiwa madirisha, nakohoa mpaka natapika, na wewe uko pale unaimba."

Cherehani ikanyamaza. Fundi akageuka, futi ya kupimia ikiwa inaning'inia shingoni.

"Jumamosi anakwenda kwa shangazi yake," alisema. "Atasoma hukohuko, atapumua hukohuko. Nimechoka kumkimbiza mtoto hospitali mgongoni. Mama yako nimemwambia kwa upole, nimemwambia kwa ukali. Haya, mwambie na wewe, si una mdomo?"

Chiriku alitoka pale uso unawaka. Alimkasirikia fundi kwa kusema vile, akamkasirikia Kibogoyo kwa kumnyamazisha, na alipofika dukani hasira yote ilikuwa imepata mtu mmoja wa kumwangukia.

"Chiriku, kikapu hicho," alisema Mama bila kuinua macho.

"Siwashi."

"Unasemaje?"

"Siwashi moto, Mama. Kibogoyo anahamishwa kwa sababu yetu. Jumamosi."

Mama akaweka kalamu chini. "Fundi ndiye aliyekutuma? Mtaa mzima unachoma. Muuza vipuri anachoma maboksi, wa saluni anachoma, ila moshi wangu mimi ndio umeonekana."

"Wao hawako ukutani kwake."

"Na adabu yako umeiacha wapi leo, shuleni?" Mama alinyanyuka, akakamata kikapu mwenyewe. "Nitafanya mwenyewe. Nimekulea mimi, nitashindwa kuwasha kibiriti?"

Alikimwaga kikapu pipani kwa kishindo. Kichwa cha fundi kikachomoza juu ya ukuta.

"Dada, usiwashe."

"Fundi, usinipangie ua wangu."

"Ua wako, sawa. Pua ya mwanangu pia ni yako? Na hizo karatasi zote za nini? Mimi sikati kitambaa cha mtu ili nione kama nguo itamtosha. Nampima kwanza, ndipo nakata. Wewe unakata, unatupa, unakata tena, halafu taka zako tunazivuta sisi."

"Shona nguo zako. Kazi yangu huijui."

Mama akawasha kijiti cha kibiriti, akakitupa ndani. Ukafuka mstari wa moshi. Pembeni palikuwa na ndoo ya maji ya kupigia deki. Chiriku hakufikiri hata kidogo. Aliinyanyua kwa mikono miwili akaimwaga yote pipani.

Moto ukazimika. Kichwa cha fundi kikazama nyuma ya ukuta. Mama akaingiza mkono pipani na kutoa karatasi inayochuruzika.

"Soma," alisema kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Haya, soma. Jina la mtu hili hapa. Ugonjwa wake huu hapa. Maji yako yamefuta nini? Umenizimia moto, umenitukanisha mbele ya jirani, na siri za watu ziko palepale. Kesho ukitoka shule utazianika zikauke, na utazichoma wewe."

Kesho yake Chiriku alitoka shule, lakini hakuja dukani. Alikwenda nyumbani kwanza. Watu waliokuwa barabarani walimwona anarudi huku anakiviringisha kinu cha nyumbani kwao kama gurudumu, mchi umefungwa mgongoni kwa kanga.

"Chiriku," aliita kinyozi kutoka mlangoni kwake, "leo mnatwanga nini, kompyuta?"

Chiriku alizidi kuviringisha. Aliingia uani, akajaza kinu zile karatasi zilizolowa, akaanza kutwanga. Alitwanga kwa hasira. Pigo hili lilikuwa la Mama, hili la fundi na maneno yake, na hili, lililo zito kuliko yote, lilikuwa lake yeye aliyekuwa anaimba. Karatasi zilikatika, zikalainika, zikawa uji wa kijivu. Maji yaliruka mpaka usoni.

Mama alitoka kutazama kelele ni za nini. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Kisha akaja, akachota konzi ya ule uji, akaukamua, akautandaza kiganjani. Alitafuta jina. Akatafuta hata herufi moja.

"Hakuna kitu," alisema hatimaye. Hakutabasamu. "Sawa. Na kesho je? Utatwanga kikapu kizima kila siku? Mikono hiyo itavimba, na chupa za wino hazitwangiki."

"Basi usionje," alisema Chiriku, machozi yanamtoka kwa ghadhabu. "Kikapu kinajaa kwa sababu unaonja, Mama. Kasoro zile ziko kwenye kioo cha kompyuta kabla hujachapisha. Tukizisoma palepale, kikapu kitajaa nini?"

Mama aligeuka kuelekea dukani. Alitikisa uji ule kutoka mkononi, akarudi ndani. Chiriku alimsikia anamwambia mteja, kwa ukali kana kwamba mteja ndiye mwenye kosa, "Zunguka huku nyuma ya meza. Soma na mimi kwenye kioo, neno kwa neno. Leo sionji."

Jioni ile kikapu kilikuwa na karatasi za kufunika kitako chake tu. Alhamisi alikuja fundi wa mashine, na Mama akamwuliza kuhusu chupa za wino.

"Wanaotuuzia huzipokea zikiwa tupu, wakazijaza tena," alisema yule fundi. "Niwekeeni kwenye boksi, nitakuwa napita nazo."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Hukuuliza, mama. Nilidhani mnazipenda."

Jumamosi asubuhi begi la Kibogoyo lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba. Mama alikwenda mwenyewe, Chiriku nyuma yake.

"Fundi, nimekuja," alisema Mama. "Na bado nimekukasirikia kwa kunipigia kelele ukutani. Lakini pipa halipo tena, mwenye vyuma chakavu amelibeba. Uliyosema kuhusu kupima kwanza ni kweli. Mtoto asiondoke kwa ajili yangu. Nisamehe."

Fundi alivuta futi yake shingoni, akaizungusha kidoleni. "Moshi sijauona tangu Jumanne, hilo sikatai. Mmoja tu nikiuona, anaondoka siku hiyohiyo."

"Siku hiyohiyo," alikubali Mama.

Fundi akalibeba begi, akalirudisha ndani. Kibogoyo alimtazama Chiriku kwa jicho la pembeni.

"Bado sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Njoo ukae basi. Ila usiimbe."

Kinu kilibaki uani kwa ajili ya karatasi chache zilizokosewa. Uji wake ulianikwa mabamba mabamba, na muuza mayai akayachukua kutandika katika makreti yake. Baada ya wiki kadhaa alikuja kijana mmoja, amevaa tai, anataka barua ya kuomba kazi. Alisoma haraka haraka kwenye kioo, akasema iko sawa. Ilipotoka mashineni, tarehe ya kuzaliwa ilikuwa imekosewa.

"Hiyo ichomeni," alisema. "Ina namba yangu ya kitambulisho."

"Hapa hatuchomi," alisema Mama, akamwongoza mpaka uani na kumkabidhi mchi. "Twanga mwenyewe mpaka uridhike."

Kijana aliirusha tai begani, akatwanga. Jasho likamtoka. Kibogoyo na Chiriku, waliokuwa wanafanya hesabu kivulini, walijiziba midomo wasicheke.

"Kazi yote hii kwa karatasi moja?" alilalamika.

"Ndiyo, ili siku nyingine usome kabla hujasema iko sawa," alisema Mama. Kisha akawageukia wale wasichana, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Nanyi msikie. Mimi nilijivuna kwamba kazi yangu haina doa, kwa sababu nilitazama meza ya mteja peke yake. Nililinda siri za watu nisiowajua, huku namziba pumzi mtoto ninayemjua kwa jina. Mkiwa na kazi zenu, duka au ofisi, msiishie kutazama kinachotoka mlango wa mbele. Zungukeni na nyuma mwone mnamtupia nani taka zenu."

Kijana akarudi ndani. Safari hii aliinama mbele ya kioo, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akagundua amesahau kuweka hata namba yake ya simu. Akaiongeza, akasoma tena kutoka juu. Mashine ikatoa karatasi moja.