Mashine Iliuliza Kwanza

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma cha gereji, komeo limetiwa, redio inaunguruma ili maneno yasitoke nje. Chuma, mkubwa wa genge, alikuwa amechora ghala la mnunuzi wa dhahabu kwa chaki sakafuni. Kono, dereva, alikuwa akifuta bunduki. Wa tatu alikuwa Fundi. Kazi yake kompyuta, na leo kazi yote ilikuwa yake, maana mlango wa chumba cha dhahabu hauna ufunguo. Unafunguliwa na mashine.

Chuma akataka kujua mashine hiyo ina tundu gani.

Fundi akasema haina. Mifumo ya zamani, alieleza, ni nyumba isiyo na milango ya ndani: ukishaingia sebuleni, hata chumba cha kulala ni chako. Tundu likionekana, hakuna anayekuja kuliziba. Mfumo wa ghalani si huo. Kila programu imefungiwa chumbani kwake, ikitaka kugusa cha mwenzake lazima ipige hodi, na tundu likijulikana leo, kesho limezibwa.

"Nani aliwawekea dude hilo?" Kono akauliza.

"Mimi."

Wakacheka mpaka Kono akakohoa. Fundi naye akacheka, na alijua wakati huohuo kwamba ni aibu. Ile ndiyo ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya.

"Haya, mashine haidanganyiki," Chuma akasema. "Mtu je?"

Fundi akasema mtunza ghala ana ruhusa ya kufungua. Akasema ni dada yake, mtoto wa mama mmoja, aliyemlea tangu anatambaa.

Tusimpambe Fundi. Hakuna aliyemshikia bastola. Alichoka tu kuambiwa asubiri barazani na watu aliowatengenezea mashine zao.

Saa sita na nusu. Mlinzi ametoka kula. Gari limeegeshwa nyuma ya ghala, Fundi kiti cha nyuma, laptopu mapajani. Alimtumia dada yake programu, akaandika kwamba inarekebisha kamera. Akangoja.

Simu ikaita. Chuma akaichukua, akaifungulia sauti, akamrudishia.

"Mdogo wangu, nimeifungua hiyo uliyotuma," dada akasema. "Sasa mashine inaniuliza kama naipa ruhusa ya kugusa milango. Si ulisema ni ya kamera?"

Mfumo wa Fundi ulikuwa umefanya kazi yake. Dada naye kafanya yake, kwa kuwa ndivyo Fundi alivyomfundisha siku ya kwanza: ukiulizwa ruhusa, usibonyeze kitu mpaka unipigie.

"Niikubali?"

Chuma alikuwa akimtazama. Fundi angeweza kusema kata, zima, ita watu. Neno moja tu.

"Kubali, dada."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Mlango ukalia. Chuma na Kono wakaingia kwa nyuma, dada akiwa ofisi ya mbele. Mlinzi alirudi mapema, Kono akampiga kwa kitako cha bunduki, akaanguka uso chini. Wakatoka na masanduku mawili, gari likaondoka kwa kasi.

"Ule mfumo wako huandika jina la aliyekubali?" Chuma akauliza njiani, bila kugeuka.

"Huandika."

"Najua. Ndiyo maana nilikuchukua wewe, mwenye dada ghalani, sikuchukua fundi mwingine. Polisi watakuwa na mtu wao, hawatatutafuta sisi."

Fundi akaomba gari lisimame. Kono akaongeza mwendo.

Saa kumi, gerejini. Simu ikaita kwa namba ngeni. Sauti ya dada ilikuwa ya kunong'ona. Alisema kaazima simu ya mama mmoja waliyekalishwa naye benchi moja kituoni.

"Wameona jina langu. Wakaniuliza nilikuwa naongea na nani. Nimesema nilikupigia kukujulia hali tu, na kubonyeza nilibonyeza kwa ujinga wangu. Wakija kwako, sema hivyohivyo."

"Dada..."

"Usiseme kitu. Mlinzi yu hai. Wachukue wanangu shuleni, wasikae getini peke yao."

Simu ikakatika. Fundi akakaa sakafuni, juu ya chaki, akalia bila kujificha.

Chuma akamnyooshea fungu lake, limefungwa kwenye kitambaa. Fundi akainuka, akalipokea kwa mikono miwili, na akasema asante.