Mshale Uliosimama kwenye Sitini

Ilikuwa siku ya Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa sita, saa nne kasorobo ya asubuhi. Nimeihakiki kwa kalenda ya ukutani, na tena kwa kengele ya mapumziko ya shule iliyo nyuma ya gereji, ambayo ilikuwa bado haijalia. Nayasema haya mapema kwa kuwa wengi husimulia kwamba yalitokea usiku wa manane, mvua ikinyesha. Jua lilikuwa linawaka. Nguo zilikuwa zimeanikwa ng'ambo ya ukuta, na redio ya jirani ilikuwa ikisifu sabuni.

Gari lilikuwa la mdogo wangu wa kike. Ni gari la otomatiki, kuukuu kiasi kwamba lingekuwa binadamu lingekuwa na wajukuu. Aliachiwa na mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Sitini, kwa sababu tangu ujana wake hakuwa na mwendo mwingine barabarani. Njia ikiwa nyeupe, sitini. Akiwa amechelewa harusi yake mwenyewe, sitini. Nilikuwa nikimtania kwamba hata mauti yatamkuta kwenye sitini, naye akinijibu kwamba yatamsubiri kituoni. Yalimkuta kitandani, moyo ulipomsimama usingizini.

Baada ya maziko, mdogo wangu alishika usukani. Kila alfajiri alichukua mikate kiwandani na kuisambaza madukani, na kwa kazi hiyo watoto wake watatu walikula na kusoma. Haukupita muda gari likaanza visa. Mshale wa kuonyesha mwendo ulirukaruka kama panzi. Gia zilibadilika kwa kishindo. Akikaribia kusimama, injini ilizimika. Nilikisoma kitabu cha gari hilo, taratibu kama nisomavyo kila kitu, nikaona kwamba dalili zote hizo zinaelekea pamoja kwenye sensa ya spidi. Hicho ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachochomekwa kwenye gia boksi. Kina kigurudumu cha plastiki chenye meno. Tairi zikizunguka nacho huzunguka, kikapeleka habari kwa mshale. Tairi zikitulia, nacho hutulia.

Hivyo ndivyo kitabu kilivyosema. Lakini adhuhuri moja, gari likiwa limeegeshwa uani, milango imefungwa, mshale ulipanda wenyewe hadi sitini na kubaki pale.

Aliyeuona wa kwanza alikuwa shemeji yake mdogo wangu, yaani ndugu wa marehemu. Hakukaa na habari hiyo tumboni. Alizunguka kwa jamaa wote akisema kwamba kaka yake bado yumo garini, kwamba hataki mwanamke akalie kiti chake, na kwamba kilichobaki ni gari kurudi kwa mwanamume wa ukoo. Mwanamume huyo, kwa bahati, alikuwa yeye. Kikao cha familia kikaamua kwamba fundi akiliponya gari, litabaki kwa mjane. Akishindwa, ufunguo utoke siku hiyo hiyo. Mdogo wangu alikubali bila kushusha macho. Mimi nilitakiwa kuwa shahidi.

Fundi tuliyemwendea huitwa Kimya, jina alilopewa kwa kuwa hanyamazi hata akiwa amelala chini ya gari. Ana desturi moja ambayo wateja wake wote wanaijua: kipuri cha zamani akishakitoa humkabidhi mwenye gari mkononi, ili mtu asije akasema kwamba kilipanguswa tu kikarudishwa. Hakitupi, hakiweki kando. Hukitia kiganjani mwa mwenye mali, na hapo ndipo kazi yake huhesabika imekwisha.

Basi alinyanyua tairi za mbele kwa jeki, akaziwekea vigingi, akawasha swichi bila kuwasha injini. Alipima waya wa kwanza akasema umeme unaingia. Akapima wa pili akasema hasi ipo. Wa tatu, wa kupeleka habari, aliupima huku akizungusha tairi kwa mkono, nao ukawa bubu. Alimwambia shemeji mtu kwamba hakuna jini hapo, kuna plastiki iliyozeeka, na kwamba jini angekuwa anajua kuharibu sensa angekuwa amefungua gereji. Shemeji mtu hakucheka. Alikuwa amekaa kiti cha abiria, mlango wazi, mguu mmoja nje, akiuchungulia ufunguo.

Kimya alichomoa soketi. Akafungua bolti moja, akaivuta sensa polepole, nayo ikatoka ikidondosha oili. Meno ya kigurudumu upande mmoja yalikuwa yamelika kabisa, laini kama ufizi wa mtoto. Alituonyesha sote, akaiweka kwenye sinia juu ya meza, hatua kadhaa kutoka kwenye gari.

Wakati huo mshale haukuwa na pa kupata habari. Ulikuwa umelala kwenye sifuri.

Kisha redio ya jirani ikanyamaza.

Mshale ulipanda. Haukuruka kama zamani. Ulipanda kwa utulivu, kama unavyopanda dereva mzoefu anapoiacha barabara ya mtaani na kuingia barabara kuu. Ishirini. Arobaini. Niliitazama injini, ilikuwa imezimwa. Nilizitazama tairi, zilikuwa zimetulia hewani.

Sitini.

Kimya alinyamaza. Nimemfahamu miaka mingi, na hiyo ndiyo mara pekee.

Ndipo nikasikia sauti kutoka mezani. Ndogo. Ya kukwaruza. Niligeuka. Kwenye sinia, kigurudumu cha plastiki kilikuwa kinazunguka peke yake, na oili ilikuwa ikirukia ukingoni.

"Unaona?" shemeji mtu alinong'ona. "Anakufukuza. Toa ufunguo, shemeji."

Mdogo wangu alikuwa anatazama kiti cha dereva. Nami nikakitazama. Sponji yake ilikuwa imebonyea katikati, kama inavyobonyea mtu mzito akishakaa. Hapakuwa na mtu.

Nilimshika mkono. Akautoa mkono wangu kwa adabu, kidole kimoja kimoja, akatembea hadi mlangoni mwa gari. Alizungumza kwa sauti ya chini, ile ambayo mke humwambia nayo mume mbele ya wageni.

"Baba watoto, nilikutunza, nikakuzika, nikakulilia. Sasa mikate inanisubiri. Kiti hiki nakikalia mimi."

Akaketi.

Hakuketi kwa haraka. Alishuka kidogo kidogo, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyojua kina chake, akaweka mikono miwili kwenye usukani. Uso wake ulibadilika. Alinitazama, akaniambia neno moja tu ambalo hadi leo hunijia nikiwa nimejifunika.

"Kaka, kina joto."

Lakini hakusimama. Alikaza macho kwenye mshale, nao ni kama ulitazamana naye. Ukatikisika. Hamsini. Ukasita hapo, ukataka kupanda tena, naye akausukuma mguu wake kwenye breki na kuubakiza pale. Thelathini. Kumi. Sifuri. Mezani kukawa kimya. Kengele ya shule ikalia, na watoto wakamiminika uwanjani kwa kelele zao za kawaida.

Kimya alichukua sensa mpya, akapaka oili kwenye mpira wake, akaichomeka, akakaza bolti, akarudisha soketi. Alishusha gari. Mdogo wangu akawasha injini na kulizungusha kwenye ua wa gereji mara kadhaa. Mshale ulipanda aliponyanyua mwendo, ukashuka aliposimama, gia zikaingia laini kama kisu kwenye siagi. Nilitamka mbele ya wote kwamba gari limepona na neno la kikao limetimia.

Kimya akaichukua sensa kuukuu kutoka kwenye sinia. Kwa mazoea tu, akasema, "Mwenye gari, pokea."

Mdogo wangu alikuwa bado anafungua mlango. Shemeji mtu akawahi kunyoosha mkono.

"Mwenye gari ni ukoo," akasema.

Kimya alinitazama. Nilitikisa kichwa kumkataza, lakini yule alikwisha kuinyakua na kufumba ngumi, akimtazama mdogo wangu kwa ushindi. Ushindi huo haukudumu. Niliisikia ile sauti tena, safari hii ikiwa imezibwa na nyama. Alifungua kinywa. Alijaribu kuifumbua ngumi kwa mkono wa pili. Vidole vilipoachia, sensa ilianguka sakafuni, ikiwa imetulia, imekufa. Kiganjani mwake palikuwa na duara la alama za meno madogo. Meno yote yalikuwapo, pande zote, ilhali kigurudumu chenyewe kilikuwa kimelika nusu.

Aliondoka bila kuaga, wala hajautaja ufunguo tena.

Sasa niyanyooshe yaliyopindishwa. Wanasema shemeji mtu alipata wazimu. Si kweli, ana akili zake, ila mkono wa kulia haachi kuufumba, na hapendi kusalimiana. Wanasema mdogo wangu aliliuza gari kwa watu wa mbali. Si kweli; liko uani, na mikate ya mtaa huu hubebwa nalo. Wanasema haliwezi kuvuka sitini. Juzi nilikaa kando yake, akafika themanini, akanitazama na kucheka.

Na wanasema kwamba marehemu alikwenda zake siku ile. Hilo pia si kweli. Kila alfajiri, uani kukiwa na baridi na vioo vimejaa umande, mdogo wangu hufungua mlango na kuweka kiganja kwenye kiti cha dereva kabla hajakaa. Siku nyingi kiti huwa baridi. Siku nyingine huwa na joto, na hapo humwambia, "Sogea," akasubiri kidogo, kisha huketi.