Shahidi wa Bwawani

Jumanne, saa mbili asubuhi, kwenye hifadhi ya pomboo nchini Cuba, daktari wa wanyama alipitisha kipimo juu ya tumbo la pomboo aitwaye Marea, akatazama mashine, akakipitisha tena. Mle ndani moyo mdogo ulikuwa unadunda.

Marea hakutakiwa kushika mimba tena; uzazi uliopita nusura umuue. Tangu hapo, kila asubuhi alilishwa samaki aliyetiwa mafuta ya homoni ya kuzuia mimba. Na chupa ziliisha kwa wakati wake. Basi dawa ilikwenda wapi?

"Kwa nguruwe," Mkurugenzi Wilfredo alimwambia mpelelezi Odalys Céspedes. "Wafugaji wanaisaka dawa hii kupangia nguruwe uzazi. Mfunzaji wetu Osmany ana mjomba anayefuga. Ni mali ya serikali, ndugu. Leo alale ndani."

Osmany, mfunzaji wa pomboo, alikuwa ameketi ukingoni mwa bwawa, suruali imelowa chapachapa.

"Nguruwe wa mjomba wanazaa kama panya, ndugu mpelelezi. Wangekuwa wanazuiwa mimba, mzee angeshalia njaa!"

Odalys aliuma mdomo asicheke, akaenda jikoni. Idalmis, mwandaaji wa samaki, alimmiminia kahawa.

"Wewe hunywi?"

"Harufu yake inanichefua siku hizi."

"Kahawa? Na wewe Mcuba kweli?"

Odalys akainua chupa ya dawa. Kibandiko kilionya: wanawake wasiiguse kwa mkono mtupu.

"Glavu ziko wapi?"

"Tunazisubiri."

"Tangu lini?"

"Tangu bahari iumbwe, dada."

Odalys aliingiza kidole kwenye tundu la sinki. Kikatoka kinanata, kimejaa mafuta ya manjano. Kumbe dawa haikuibwa. Ilimwagwa.

Akamwomba Idalmis alete ndoo ya samaki bwawani, ashuke ngazini hadi maji yamfike tumboni. Marea hakuwatazama samaki. Alikuja moja kwa moja, akasimamisha mdomo usawa wa tumbo la Idalmis, akaanza kutoa milio myembamba ya harakaharaka.

"Mwangwi wa milio humwonyesha hata kilicho ndani ya mwili. Alimfanyia mke wangu hivyohivyo," Osmany alisema, "kabla sisi wenyewe hatujajua."

Miaka yote ya upolisi, Odalys hakuwahi kupata shahidi wa namna ile.

"Idalmis, mimba yako ina muda gani?"

Ndoo ilianguka.

"Miezi mitatu. Miaka tisa nilitafuta mtoto. Daktari wa kliniki akaniuliza nashika nini kazini. Nikaomba glavu, mkurugenzi akasema ninawe kwa sabuni. Ningekataa kazi, ningefukuzwa. Nikawa naimwaga."

"Na mimi ningefungwa!" Osmany alifoka.

"Ningesema."

"Lini? Nikiwa nimeshanyolewa jela?"

Idalmis alimtazama Marea, machozi yakimtiririka. "Akifa, nimemuua mimi."

"Nitaandika yote," Odalys alisema. "Jina lako. Na glavu."

Wilfredo, aliyekuwa amewafuata bwawani, akaanza kukohoa.

"Nikamateni," Idalmis alisema, "ila siku yake ya kuzaa niletwe. Nikae naye."

"Utaletwa. Nitakuleta mwenyewe."

Odalys alipiga goti, akatumbukiza mkono majini kando ya mdomo wa Marea. Milio ile ikampita kwenye mifupa ya vidole, ikaendelea hadi kwa Idalmis. Pomboo yule alikuwa akimsikiliza mtoto wa mwenzake.