Upande wa Kushoto wa Picha

ALHAMISI, SAA KUMI NA MBILI NA NUSU ASUBUHI

Kibwana alichora reli kwa kipande cha mkaa. Aliichora sakafuni, kutoka ukutani hadi mlangoni, katika chumba cha nyuma cha ghala la sandarusi pale Soga. Chumba hakikuwa na dirisha. Taa ya chemli ndiyo iliyomulika.

“Soga hii hapa. Mpiji. Kilima cha Pugu. Stesheni ya Pugu.” Alitia alama nne. “Gari moshi linaondoka saa nne na nusu. Saa tano na robo linapanda kilima, linakwenda mwendo wa mtu anayetoka msikitini. Hapo tunafanya kazi. Kama siku zote.”

Siku zote maana yake miaka kumi. Wanaume watatu waliokuwa mle chumbani walikula na kushiba kwa kilima kile. Sukari, majora ya merikani, mafuta ya taa. Mmoja yumo ndani ya behewa anatupa, mwingine yuko chini anaokota. Kibwana ndiye aliyekuwa kichwa. Aliwahi kushika breki za reli miaka sita, wakamfukuza kwa kumrudishia tusi mkubwa wake, na komeo la behewa alilijua kuliko mlango wa nyumba yake. Shomari, kifua kipana na mdomo usiopumzika, ndiye mwokotaji. Athanas alisoma misheni mpaka darasa la nne, naye aliwasomea maandishi ya kwenye mizigo wasije wakaiba misumari wakidhani ni sukari.

Wa nne alikuwa mwanamke. Mwanne, mdogo wake Kibwana, mfagizi nyumbani kwa Bwana Miwani, meneja wa shamba la mkonge. Huyu hakuwahi kuiba hata chumvi.

“Leo hatutupi kitu,” Kibwana alisema. “Tunachukua kioo kimoja. Waeleze, Mwanne.”

Mwanne alieleza. Bwana Miwani alinunua nyumba ya Mjerumani kwenye mnada baada ya vita. Ndani alikuta sanduku la vioo sitini vya picha, pamoja na kadi zilizochapwa kutokana na vioo hivyo. Zote ni picha za reli ilipokuwa ikijengwa. Sasa anataka kupanua shamba mpaka relini, juu ya nyumba thelathini za watu na makaburi yao. Mwezi uliopita alimwambia Bwana DC, mkuu wa wilaya, kwamba pale palikuwa pori tupu, watu walikuja baada ya reli. Akaweka mezani kadi moja nene ya rangi ya kahawia, yenye jina la mpiga picha kwa maandishi ya dhahabu. Kichwa cha gari moshi, reli, pori. Wazee hawakuwa na picha ya kuipinga.

“Kadi ile imekatwa,” Mwanne alisema. “Kipande nilikifagia mimi, nikakitia motoni bila kujua. Upande wa kushoto, vidole vinne. Lakini kioo chake ni kizima. Nilikiona siku alipomwonyesha mgeni wake dirishani. Nyumba zipo. Makaburi yapo na ua wake. La mama lipo.”

Mama yao Kibwana na Mwanne alizikwa pale mwaka mmoja kabla reli haijafika Soga. Leo saa nane mchana, bomani Kisarawe, DC anakata shauri. Wakienda mikono mitupu, Jumatatu vibarua watachimba mashimo ya mkonge juu ya kifua chake.

“Kwa nini hakukivunja?” Athanas aliuliza.

“Ameviuza Ulaya. Kuna mtu anakusanya picha za reli, anataka sitini kamili au hataki kabisa. Vinaondoka leo kwa gari moshi. Nyumbani vilikaa kabatini, na ufunguo analala nao.”

“Cha ngapi?”

“Cha kumi na nne. Nilimsikia akimtajia mgeni.”

Athanas alikuna shingo. “Na DC atapokea ushahidi wa wezi? Tutafungwa kwa kipande cha kioo, jamani.”

“Mimi nilishafungwa kwa ajili ya kuku,” Shomari alisema. “Kioo kwangu ni kupanda cheo.”

Kibwana hakucheka. Aliifuta reli yake kwa unyayo.

SAA NNE NA NUSU

Gari moshi lilisimama Soga dakika sita. Vibarua wawili walilipakia sanduku kwenye behewa la mizigo. Bwana Miwani aliwasimamia mwenyewe, kofia kichwani, kisha akapanda motokaa yake kuelekea Kisarawe. Hakuangalia nyuma. Mtu mwenye wasiwasi na mali yake angeangalia.

Shomari alikwisha kutangulia kilimani. Kibwana na Athanas walipanda daraja la tatu, katikati ya matenga ya kuku na mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha. Hapo ndipo Kibwana alipoviona viatu vya Athanas. Vyeusi, vipya, vya kamba. Mtu havai viatu vipya siku ya kurukia mabehewa.

“Vya nani hivyo?”

“Vyangu. Nilinunua.”

Kibwana aligeukia dirishani. Miaka kumi amekula sahani moja na mtu huyu. Alijiambia ni viatu tu.

SAA TANO KAMILI

Walipita juu ya minyororo kati ya mabehewa. Upepo uliwapiga moshi usoni. Kibwana alipenyeza ukanda wa bati kwenye mwanya wa mlango, akainua komeo kutoka nje, mlango ukaitika. Gadi, msimamizi wa gari moshi, alikuwa nyuma kabisa, kwenye behewa lake, na Kibwana alijua kuwa saa hii anakunywa chai. Magadi wote wa njia ile walikunywa chai baada ya Mpiji.

Sanduku lilikuwa pembeni. Patasi, misumari minne, mfuniko ukafunguka. Vioo vilikuwa vimepangwa wima kwenye mifereji ya mbao, kila kimoja ndani ya karatasi yenye namba.

Athanas alipiga magoti. Vidole vyake vilitembea juu ya karatasi. “Kumi na moja, kumi na mbili. Hiki hapa. Kumi na nne. Twende.”

“Ngoja.”

Kibwana alikitoa kioo kwenye karatasi, akakiinua penye mwanga wa mlango. Alishtuka. Mbingu zilikuwa nyeusi na watu walikuwa weupe. Kila kitu kimegeuzwa. Macho yakazoea polepole, na akaona nguzo, na maji chini ya nguzo.

“Hili ni daraja la Ruvu.”

“Namba ndiyo hiyo.”

“Namba siijui. Daraja nalijua.”

Athanas alifanya kosa la msomi. Alijua Kibwana hawezi kusoma tarakimu, akadhani basi hawezi kusoma kitu. Alisahau kwamba mtu aliyeshika breki miaka sita anaijua njia ile kila kona, kila kalvati, kila mahali ambapo gurudumu hubadilisha sauti. Mtu kama huyo humpi Ruvu ukamwambia ni Soga.

Kibwana alimsukuma kando. Akachomoa kioo kingine. Mkato wa reli kilimani Pugu. Akarudisha. Kingine. Stesheni ya Morogoro, haijaezekwa. Kingine. Gari moshi lilianza kuhema, kilima kimeanza. Cha sita alikishika kwa muda mrefu.

Kona ya Soga. Kichwa cha gari moshi, mtu mmoja amesimama mbele yake. Na kushoto, vidole vinne, nyumba tano za makuti, ua wa miti, vilima vidogo vya udongo ndani ya ua. Mbele ya nyumba ya pili kulikuwa na mwanamume mfupi, mkono kiunoni, uso mweupe kabisa. Kibwana alimtambua kwa namna alivyosimama. Alikuwa hajamwona baba yake kwa miaka kumi na mitano.

“Kirudishe,” Athanas alisema nyuma yake.

Kibwana hakugeuka. “Viatu kakununulia yeye.”

“Kaniahidi ukarani nikimpa habari zenu, na asubuhi hii nikampa. Nina watoto watatu, Kibwana. Nimechoka kula vya kuokota. Alitaka mkamatwe na kioo kisichokuwa na kitu, aseme wazee wametuma wezi. Miezi michache tu mngefungwa.”

“Na makaburi?”

“Waliokufa hawali.”

“Askari wako wapi?”

“Wanne stesheni ya Pugu. Wawili hapa kilimani.”

Athanas aliruka, akakamata ncha ya kioo. Wanaume wawili wazima wakavutana ndani ya behewa linaloyumba, kila mmoja akiogopa kuvuta kwa nguvu. Kisha behewa likapiga kona. Kioo kikalia na kukatika vipande viwili, na kiganja cha Kibwana kikapasuka. Alimpiga Athanas kichwa cha pua. Athanas akaanguka juu ya sanduku, akaachia kipande chake, Kibwana akakidaka.

Chini, mluzi wa Shomari ulilia.

Mkono wa Kibwana ulipanda wenyewe kutupa. Miaka kumi mluzi ule ulikuwa na maana moja tu. Vipande vilikuwa vimeshafika juu ya bega lake alipojizuia, jasho likamtoka. Alivifunga kwa shati, akavikaza tumboni, akaruka akitanguliza mgongo.

SAA TANO NA DAKIKA ISHIRINI

Mbavu zilipiga chini kwanza. Alibingirika kwenye changarawe, amekumbatia tumbo, na alipofungua macho Shomari alikuwa amemwinamia.

“Athanas yuko wapi?”

“Katuuza.”

Shomari alitukana tusi moja refu la Kizaramo. Filimbi ya askari ikalia juu ya kalvati. Shomari aliangalia huko, akaangalia damu kwenye shati la rafiki yake. Akaokota jiwe bapa, akalifunga vizuri kwenye shuka lake, akalikumbatia kwa heshima zote.

“Wewe pita msituni,” alisema. “Mimi napeleka kioo Mpiji.”

“Watakupiga, Shomari.”

“Wanishike kwanza. Wana viatu vizito wale.”

Akatoka mbio bondeni, waziwazi, katikati ya reli, akipiga kelele kwamba mali ya Bwana amebeba yeye na mwenye mbio aje. Askari wote wawili walimfuata. Kibwana aliingia msitu wa Pugu akichechemea, na aliona uchungu kumwacha, lakini hakusimama.

SAA NANE NA DAKIKA KUMI

Baraza la Kisarawe lilikuwa limejaa. Jumbe Mwinyimadi wa Soga alikuwa amekaa mbele na wazee wake. Mwanne alikuwa miongoni mwa wanawake, macho yake kwenye njia. Mezani palikuwa na ile kadi ya kahawia. Bwana Miwani alikuwa amesimama, na kando yake alikuwa Athanas, pua imevimba. Motokaa ya Bwana Miwani ilikuwa imemchukua stesheni ya Pugu.

Athanas alikwisha kuapa. Karani alikwisha kuandika kila neno: kwamba leo alimwona kwa macho yake Kibwana akivunja sanduku la Bwana Miwani ndani ya behewa, akatoa kioo cha picha, akaruka nacho.

“Wazee hawa wanatumia majambazi,” Bwana Miwani alikuwa akisema. “Mheshimiwa utaamini neno lao?”

Kibwana aliingia hapo. Bila shati, damu imemkaukia mpaka kiunoni. Askari wa mlangoni alimkamata mkono. Hakubisha. Aliomba afike mezani tu, na DC akaashiria aachwe. Alivifungua vipande viwili, akaviunganisha juu ya meza.

Bwana Miwani aliangalia. Rangi ilimbadilika. “Kioo hicho sikijui,” alisema. “Kimetengenezwa mjini. Si changu.”

“Umekitoa wapi?” DC alimwuliza Kibwana.

Katika miaka kumi hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumkubalia askari kitu. Kibwana alikana sukari ikiwa bado imemganda mikononi. Akizua maneno sasa, akisema amekikuta njiani, ataondoka huru na kioo kitakuwa takataka. Aliinua kichwa.

“Nimekiiba,” alisema. “Andika, karani. Nimekiiba katika sanduku la bwana huyu, leo, kilimani. Na shahidi wangu ni yule pale. Amekwisha kuapa.”

Watu wote walimgeukia Athanas. Athanas alitazama viatu vyake. DC aliomba daftari la karani, akasoma polepole, akamtazama Bwana Miwani. “Shahidi wako anasema kilitoka katika sanduku lako. Anasema uongo?”

Bwana Miwani alivua miwani yake, akaanza kuifuta.

DC alikigeuza kioo, akaweka kadi juu yake. Kichwa cha gari moshi kikalala juu ya kichwa cha gari moshi, reli juu ya reli, mtu juu ya mtu. Kushoto kadi iliishia, na kioo kiliendelea vidole vinne. DC alikiinua kuelekea dirishani, akahesabu nyumba kwa kunong’ona. Pembeni kulikuwa na mwaka uliokwaruzwa na mpiga picha siku gari moshi la kwanza lilipofika.

“Mbona watu ni weupe?” karani aliuliza.

“Kwenye kioo hicho wenye nchi wote ni weupe,” Jumbe Mwinyimadi alisema. “Sisi ndio hao.”

Baraza likacheka, kicheko cha watu waliobanwa mwezi mzima. DC hakucheka, lakini aliandika kwa muda mrefu, kisha akasoma. Mpaka wa shamba unabaki pale ulipo sasa. Nyumba na makaburi hayaguswi. Mwanne alijifunika uso kwa kanga na mabega yakamtikisika.

“Na wewe,” DC alimwambia Kibwana. “Umekiri wizi wa reli mbele yangu. Siwezi kukuacha. Itakuwa miaka miwili, pengine mitatu.”

“Mama yangu amelala pale miaka ishirini na mitatu, bwana,” Kibwana alisema. “Hiyo mitatu nitaiweza.”

Akamnyooshea askari mikono, pingu zikafungwa juu ya kiganja kilichochanika, naye akatangulia mbele kuelekea mlangoni, askari akimfuata nyuma.