Kopo la Kilo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yasmini humsaidia mama yake kupanga biashara kibarazani, nyumbani kwao Iyunga, Mbeya. Mama Mwanaidi anauza mchele wa Igawa, na kipimo chake ni kopo la bati lililochakaa. Ukilijaza mchele mpaka mdomoni, umepata kilo. Wateja wote wanalijua. Hata mtoto akitumwa husema tu, "Mama kasema nipe kopo la kilo."

Jumamosi ile hakukuwa na biashara. Kesho yake Dada Jaha angeolewa, na wageni wa bwana harusi walikuwa njiani kutoka Iringa. Keki angeoka Mama, lakini wiki hiyo aliteleza kwenye tope akavunjika mkono. Shangazi wakasema keki iagizwe mjini. Yasmini akaruka juu.

"Nitaoka mimi! Nimemwona Mama akioka tangu niko mdogo."

Dada Jaha akamkumbatia. "Haya, keki yangu iko mikononi mwako, mdogo wangu. Usiniangushe."

Kabla ya kwenda kuangaliwa mkono hospitali, Mama alimwachia maelekezo. "Unga kilo moja, sukari nusu kilo, siagi nusu kilo, mayai kumi, maziwa vikombe viwili. Mizani yetu imeisha betri, kwa hiyo unga upeleke kwa Bi Noorjahan akupimie. Vitu vya akiba vipo, lakini usivichezee."

Duka la Bi Noorjahan liko ng'ambo ya barabara tu. Yasmini akaona huo ni usumbufu wa bure. Kopo la kilo si lilikuwa pale pale? Akachekecha unga ukawa laini, akachota kopo moja, akalisawazisha kwa kisu kama fundi. Sukari nayo akapima nusu kopo.

Alipochanganya vyote, rojo lilikuwa jepesi kama uji wa mgonjwa. Hilo aliliona, akajipa moyo kwamba moto ungelikaza. Akaweka sufuria jikoni, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Keki ikapanda vizuri, ikanukia iliki mpaka uani. Kisha katikati ikadidimia, ikabaki shimo lenye maji maji.

"Ni moto," Yasmini alijiambia. Akachukua vile vitu vya akiba, siagi yote na mayai yote, akaanza upya. Moto aliupunguza, makaa akayapanga kwa uangalifu. Unga akaupima kwa kopo lile lile.

Keki ya pili ikadidimia kuliko ya kwanza.

Yasmini alikaa chini nyuma ya jiko, mgongo ukutani. Mayai yalikuwa yameisha. Siagi ilikuwa imeisha. Ndani shangazi walikuwa wakiimba, na Dada Jaha akicheka huku akichorwa hina. Kila kicheko kilimchoma. Aliwaza wageni wa Iringa wakiitazama meza isiyo na keki, na dada yake akiinamisha kichwa mbele yao. Akatamani mvua inyeshe, barabara ifungwe, harusi yenyewe isiwepo. Alilia mpaka kifua kikauma, na bado hakuona pa kutokea.

Hapo ndipo Mama aliporudi, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Akazitazama zile sufuria mbili.

"Kumetokea nini?"

Ulimi ulimwasha Yasmini aseme mkaa ulikuwa na maji. Akashindwa. "Nimeharibu, Mama. Zote mbili. Wala sijui nimekosea wapi."

Mama akafunua ndoo ya unga, akachungulia. "Humu mlikuwa na kilo tatu. Umeoka mara mbili, mbona unga umebaki mwingi hivi? Ulipima na nini?"

"Na kopo la kilo."

"Kilo ya nini, Yasmini?"

Yasmini akalichukua kopo, akachungulia ndani.

Wakavuka barabara na kopo na ndoo. Bi Noorjahan akaweka mchele wa kopo moja kwenye mizani: kilo kamili. Akaweka unga uliochekechwa, kopo lile lile, limejaa vile vile. Mizani ikasoma gramu mia tano na sabini.

"Mwanangu, keki zako zimekosa karibu nusu ya unga wake," alisema Bi Noorjahan. "Lazima zianguke."

"Na sasa sina yai hata moja," Yasmini akasema, akaanza kulia tena.

Bi Noorjahan akaingia jikoni kwake, akarudi na siagi robo kilo na mayai matano. "Hivi ndivyo nilivyonavyo. Zawadi yangu kwa Jaha."

Basi kila kipimo wakakigawa nusu, na unga ukapimwa kwenye mizani. Keki ilitoka ndogo, lakini ilisimama.

Siku ya harusi Dada Jaha aliikata, akamlisha bwana harusi, kisha akamwita mdogo wake naye akamlisha. "Hukuniangusha," alimnong'oneza. Yasmini alishindwa kumtazama usoni. Zile keki mbili zilizodidimia zilikuwa uani, watoto wakizigombania na chai.

Baadaye Mama alimvuta kando. "Kopo linapima nafasi, mwanangu, mizani inapima uzito. Mchele mzito, unga mwepesi. Kopo likijaa, uzito hauwezi kuwa mmoja. Hilo sasa umelijua. Lakini keki ya kwanza mimi sikulaumu. Iliyoniuma ni ya pili. Ulishaona mambo hayaendi, na duka uliliona, ila ukaona haya kuuliza. Siku nyingine ukikwama, vuka barabara ukaulize, kabla hujavunja yai la pili."

Jumatatu asubuhi mtoto wa jirani alifika kibarazani. "Mama kasema nipe kopo la kilo."

"Kilo ya nini?" Yasmini akauliza.