Mwiko wa Upande wa Pili

Mpaka leo fundi hajaweza kueleza mtu anawezaje kujenga ukuta akiwa ndani yake, akaumaliza, halafu asikutwe humo.

Aliitwa kanisani asubuhi, jua limeshachangamka, abomoe ukuta wa tofali ulio nyuma ya mimbari ili kwaya ipate nafasi. Kanisa hilo la mawe, lenye madirisha ya tao na mnara mfupi wa kengele, lilijengwa na babu yake. Kijiji kizima kilishikilia kwamba babu alitoroka kabla halijazinduliwa, akamtelekeza mkewe na watoto wachanga. Shangazi yake fundi alikuwa amezeeka akiitwa binti wa mtoro. Siku hiyo naye alikuja, akaketi benchi la mbele.

Fundi akapima nje kwa kamba, akapima ndani. Nje kanisa lilikuwa refu zaidi, hata ukitoa unene wa kuta, kwa upana wa mabega ya mtu.

"Kamba yako imelewa?" mchungaji alitania.

"Haijalewa, Mchungaji."

Akabandua lipu, akachomoa tofali moja, kisha jingine, mpaka bega likapita. Palikuwa na uwazi mwembamba, hauna mlango. Hakuna mfupa. Hakuna nguo. Akapapasa ukuta kwa nyuma, kisha akapapasa tena.

Mwashi hulainisha saruji upande aliosimama. Upande asioufikia, saruji hufura na kuning'inia ovyo. Huku kanisani, chini ya lipu, ilikuwa imefura. Kule ndani ilikuwa laini kama sahani.

"Aliyejenga alisimama humu," fundi alisema. "Akajizibia."

"Mtu hajizibii hivi hivi," shangazi alinong'ona. "Nani alimwambia aingie?"

Mchungaji alitazama viatu vyake. Kisha akaamua: tundu lizibwe palepale, na habari zisitoke nje.

Fundi akamgeukia shangazi.

"Ziba, mwanangu. Hakututoroka. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitafuta."

Akaweka tofali. Upande wa pili kitu kikakwaruza. Polepole. Chuma juu ya saruji mbichi.

Akasimamisha mkono. Mkwaruzo ukasimama.

Akaweka jingine. Ukaanza tena.

"Shangazi..."

"Nasikia. Anakufuata. Usimcheleweshe."

Basi ukuta ukazibwa, kama mchungaji alivyoamua. Upande wa kanisani aliuziba fundi. Upande wa ndani uliendelea kulainishwa hata baada ya yeye kuweka mwiko wake chini.